Kibuyu cha Nyiramazi

Lukole, Ngara
8 Juni 1994

Dada Tecla,

Shikamoo. Tuko wazima, ukiacha magoti ya Mama na mapafu yangu ambayo tangu wageni waje yanakula moshi tu. Barua hii nampa katekista anayekuja Biharamulo kwenye semina, na nimemwomba asiisome njiani, ingawa namjua.

Najua mmesikia redioni habari za wakimbizi. Redio haijasema hata robo. Ule mlima tuliokuwa tunachungia mbuzi sasa ni bluu kwa maturubai, na asubuhi moshi unalala bondeni mpaka jua lipande kabisa. Watu hawa wamechoka, dada. Wamekuja na watoto, na ili mtoto ale lazima kuni zipatikane, kwa hiyo miti inakwenda. Siwezi kumlaumu mtu anayepikia mtoto. Ila kila jioni nikitazama mlima naona umepungua nywele.

Mama amehamishia kigoda chake kisimani. Anakaa pale tangu asubuhi, chini ya ule mkuyu, anawafundisha wageni sheria za Nyiramazi kama alivyotufundisha sisi: usitumbukize chungu chenye masizi, usifue, usikate hata kijiti cha kile kichaka, na jua likiwa la utosi usisogee, maana ndio wakati mwenye maji anachana nywele zake na ukimkuta anakuvuta mguu. Anayasema kwa Kihangaza na wao wanamwelewa vizuri kuliko mimi ninavyowaelewa wataalamu wa maji. Wanaitikia kwa heshima. Wengine wanasema kwao pia yupo. Halafu wanaondoka, na kesho yake tawi moja limepungua.

Mimi Nyiramazi sikuwahi kumwona. Wala wewe, ingawa uliapa ukiwa darasa la tatu kwamba uliona kisigino chake.

Sasa sikiliza shida yangu. Wataalamu wanataka kisima kile. Wanataka kukijengea ukuta wa saruji na kuweka mashine ya kuvuta maji ya kambini. Mimi ni mjumbe wa serikali ya kijiji, na mkono wangu ulinyanyuliwa pamoja na mingine. Ningefanya nini? Kambini watu wanachota kwenye madimbwi. Mama sijamwambia. Nakuomba umwite huko kwako akae mpaka kazi iishe, asishuhudie.

Ni mimi mdogo wako,
Alfonce


Biharamulo
1 Julai 1994

Alfonce mdogo wangu,

Marahaba. Katekista wako amefika, na barua alikuwa ameisoma, maana aliniuliza habari za kisigino kabla sijaifungua. Kisigino nilikiona na nitazeeka nasema nilikiona. Kilikuwa cheupe kama kiazi kilichomenywa. Wewe ulikuwa umekimbia zamani.

Mama nimwite? Namwita kila mwaka. Mwambie hivi, na umsomee kwa sauti: Mama, shikamoo, njoo kwangu. Usiseme huwezi kumwacha Nyiramazi, kwa sababu Nyiramazi yuko huku pia. Umesahau siku uliponitoa nyumbani kuolewa? Ulinichotea kibuyu cha maji ya kisima chetu, mkono wako wa pili ukakata jani la mkuyu pale pale ulipoinama, ukaziba nalo mdomo. Nilikipakata kwenye basi toka Ngara mpaka hapa, abiria wananicheka, utingo anauliza kama ni pombe. Nilipofika nikayamimina kisimani kwa wakwe zangu, kama ulivyoagiza, ili maji ya huku na ya kwetu yawe ndugu. Kwa hiyo kisima cha huku ni mtoto wa Nyiramazi. Utakuwa kwa mjukuu wako.

Kimezungukwa na miti, Mama. Kijani mwaka mzima.

Mume wangu Kazimili anakusalimu. Tumeezeka nyumba bati. Amepata biashara na wenye malori yanayoshuka huko kwenu, na siku hizi anaongea kwa sauti kubwa hata akiniomba chumvi.

Alfonce, wewe usijisumbue sana. Ulinyanyua mkono kwa sababu watu wana kiu. Hilo nalo ungemwambia Mama mwenyewe, badala ya kunitumia mimi kama pazia.

Dada yako,
Tecla


Lukole
15 Agosti 1994

Dada,

Shikamoo. Nilimsomea. Alicheka pale kwenye pombe, akaniambia nirudie. Halafu akasema mtoto akifiwa na nyumba, mama hahami kumtembelea mjukuu.

Kichaka kimekwisha. Sikosei kusema kimekwisha. Mkuyu wenyewe uliondoka wiki ambayo Mama alikuwa amelala na homa, na mpaka leo hakuna anayejua nani aliukata. Nilimkuta Mama amesimama juu ya kisiki akikikanyagakanyaga kwa unyayo, kana kwamba anapima kama kimeiva. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Na wewe uko wapi siku hizi?" Nami niko pale pale, dada, nalala chumba cha pili.

Wataalamu wamejenga. Ukuta upo, mashine inanguruma. Kwa sababu ya kuhara damu wanatia dawa, unga mweupe wenye harufu ya hospitali. Kuna watu wamepona kwa dawa hiyo, nimewaona kwa macho. Mama anasema dawa imemwingia Nyiramazi machoni. Tangu siku hiyo hajanywa maji ya kisima, wala hanywi yoyote yaliyopita kwenye saruji. Anashuka kwenye kile kidimbwi cha chini bondeni, ambako maji ya mlima mzima wa kambi yanatiririkia, anachota kwa kata yake na kunywa. Anasema yale bado hayajashikwa na mtu. Nikimchemshia anayamwaga, anasema moto haukualikwa.

Ameanza kuhara. Anakataa kuwa anahara.

Kuna mama mmoja mkimbizi anaitwa Esperansia, hema lake liko mpakani kabisa mwa shamba letu la migomba. Ndiye pekee Mama anamkubali. Siku ya kwanza alikuja na kibuyu, akasimama mbali, akauliza, "Hapa mwenye maji ni nani, nimsalimu?" Mama alimpenda tangu neno hilo. Nilimwomba anisaidie kumshawishi. Alikaa na Mama barazani, nami nilikuwa napukuchua maharage karibu yao nikasikia. Alisema: "Mama, kwetu pia tulikuwa naye. Bibi yangu alinikataza mto saa za mchana. Siku tulipovuka ule mto wa mpakani nilimtafuta kwa macho. Nilisema leo ataona watu wengi, atatoka. Sikumwona. Niliona watu majini, wengi, na hakuna hata mmoja aliyevutwa na yeye."

Mama akamwuliza, "Basi mwanangu, siku hizi nani anamwogopa nani?" Esperansia akachukua maharage akaanza kupukuchua na mimi.

Mganga wa kambini anasema mtu wa umri wake akiendelea kunywa kile kidimbwi, hatafika mbali. Alisema hivyo akitazama saa. Dada, mimi kumfunga kamba siwezi. Kumnyang'anya kata nilijaribu, akainama akanywa kwa viganja. Niambie nifanye nini.

Alfonce


Lukole
2 Septemba 1994

Mwanangu Tecla,

Anayeandika ni Alfonce, anayesema ni mimi Agripina. Nimemwambia aandike yote, hata ya kumhusu yeye, na akiruka neno nitalijua kwa jinsi kalamu inavyokwenda.

Mimi ni mzima. Tumbo linanisumbua kidogo kwa sababu ya kukasirika. Ndugu yako ni mtu mwema lakini kila anayekuja na kofia anamnyanyulia mkono. Andika hivyo hivyo.

Mwanangu, wanasema mimi ni mkaidi. Siwakatai wageni. Mtu mwenye kiu anywe, hata Nyiramazi hakuwahi kumnyima mtu mwenye kiu. Yeye alitaka ainamiwe tu. Ukiinama kwenye maji unaona uso wako, unajua wewe ni nani, unachota kiasi chako, unaondoka. Sasa maji yanavutwa na mashine, na mashine haiinami. Nilikaa pale kumwambia asiogope. Nadhani ameondoka, na sijui amekimbilia wapi, na yeye hakupewa turubai.

Nimekumbuka ulichosema. Maji yake yako kwako. Maji yakichanganywa yanakuwa ndugu, hata tone moja. Basi nichotee kibuyu kimoja kutoka kisima chako, unitumie. Nitatia kidogo kwenye mtungi wa maji yao ya dawa, na nitakunywa hayo, maana yatakuwa na damu ya kwetu. Nimemwahidi Alfonce. Amelia, andika hivyo, amelia hapa mbele yangu mtu mzima na ndevu.

Usichelewe.

Mama yako,
Agripina

(Dada, ni kweli nimelia. Kibuyu kimoja tu kitamaliza ubishi huu. Mtume mtu yeyote. A.)


Biharamulo
14 Septemba 1994

Karatasi ya kwanza, ya kumsomea Mama

Shikamoo Mama. Kibuyu hiki hapa. Nimechota mwenyewe asubuhi, ndege wakiwa bado wanapiga kelele kwenye miti ya kisimani, na maji yalikuwa baridi mpaka meno yanauma. Nimeziba vizuri na gunzi yasimwagike, maana barabara unaijua. Kunywa Mama, upone, uje uone mwenyewe.

Mwanao Tecla


Karatasi ya pili, ya Alfonce peke yake

Isome ukiwa shambani, kisha utie motoni.

Alfonce, kisima hakipo. Yaani shimo lipo, tope lipo, ng'ombe wanasimama ndani mpaka magotini. Miti yote imekatwa, na aliyeikata ni Kazimili. Nguzo za kujengea, na iliyobaki akachoma mkaa, vyote vikapandishwa kwenye malori kuja huko kwenu. Hilo bati nililokuandikia ndilo hilo. Nilipomwuliza alisema mbona huko kwenu mmemaliza, sisi tusubiri nini. Nilipokuandikia kwamba kuna kijani mwaka mzima, shoka lilikuwa linasikika nikiwa naandika.

Nilikwenda kisimani na kibuyu cha Mama. Nikasimama. Nikarudi.

Maji niliyotuma ni ya tenki la misheni. Nimeyachemsha, nikayaacha yapoe, nikayachuja kwa kitambaa changu cha kanisani. Ni safi kuliko maji yoyote aliyokunywa maishani mwake. Akiamini, atakunywa na ya dawa, na atapona. Sasa wewe kazi yako ni moja, kusoma karatasi ya kwanza kwa uso mkavu. Uso wako haujawahi kuficha kitu, najua. Jitahidi.

Tecla


Lukole
30 Septemba 1994

Dada Tecla,

Shikamoo. Mama anaendelea vizuri. Kuhara kumekoma, anakula uji, juzi alikula ndizi mbili na akalalamika kwamba hazijaiva, kwa hiyo ujue nguvu zinarudi. Nimeanza na hilo ili ukae chini usome mengine.

Kibuyu kilifika salama. Nilimsomea karatasi yako, uso mkavu kama ulivyoagiza. Esperansia alikuwa amemwegemeza ukutani kwa mgongo. Mama alisikiliza mpaka mwisho, hata ndege wako aliwasikiliza. Kisha akaomba kibuyu, akakipakata, na akakitazama mdomo.

Akaligusa lile gunzi kwa kidole.

"Tecla hajambo?" akaniuliza.

Nikasema hajambo kabisa.

"Mume wake hajambo?"

Nikasema hajambo.

"Na jani?"

Dada, mimi nilikuwa nimesahau kabisa habari ya jani. Na wewe ulisahau, wewe uliyeniandikia mwenyewe jinsi lilivyokatwa. Nikasema labda lilidondoka njiani. Nikasema kiangazi kimekausha majani. Nikasema katekista huenda alifungua, maana anapenda kufungua vitu. Nilisema mengi sana, na Mama aliniachia niseme kama mtu anayengoja mvua ipite.

Akasema: "Mwanamke akiinama kisimani, mkono mmoja unachota, mwingine unakata jani wenyewe, haungoji kukumbushwa. Na kama hakuna jani, utaokota jani lililoanguka. Na kama hakuna lililoanguka, utaziba kwa nyasi. Huyu amekaa jikoni kwake, akanyoosha mkono, akashika gunzi. Mwanangu hakuinama popote."

Esperansia alitazama pembeni.

Nilijua sasa atamwaga, na moyoni nikawa nahesabu siku alizobakiza. Lakini akalichomoa gunzi, akanusa. "Ameyachemsha," akasema. "Ameogopa nisiumwe." Akanywa. Alikunywa bila kukunja uso, akapumzika, akanywa tena. Halafu akamwambia Esperansia alete mtungi wa maji ya dawa, akamimina kilichobaki humo, akachota kwa kata na kunywa hayo nayo.

Ningefurahi, dada. Miezi miwili nilikuwa namsihi kwa kitu hicho hicho. Alipomaliza aliniomba nilikaushe gunzi lile juani, ni zuri, litafaa kuzibia chupa ya mafuta ya taa.

Hajauliza tena habari za Nyiramazi. Kigoda kimerudi barazani.

Mdogo wako,
Alfonce


Biharamulo
20 Oktoba 1994

Alfonce,

Nimesoma nimekaa chini, kama ulivyosema. Sina la kutania leo.

Nimempeleka Kazimili kisimani, nimemwonyesha, tumepanda miche. Ng'ombe wameila. Tumepanda tena. Mvua zimeanza na tope limeongezeka tu. Anakuja kukaa pembeni yangu jioni, haongei kwa sauti kubwa siku hizi. Siwezi kumchukia. Tunalala chini ya bati lile, na mvua ikinyesha hakuna hata anayemsikia mwenzake.

Mama amesema nini kuhusu mimi? Niambie kama alivyosema. Usilainishe.

Tecla


Lukole
11 Januari 1995

Dada Tecla,

Shikamoo. Samahani kwa kuchelewa. Kila nilipoanza barua nilidhani Mama angesema neno juu yako nikuandikie, na hajasema. Nilimwuliza waziwazi kama amekukasirikia. Akashangaa. "Nimkasirikie kwa nini? Alinichemshia maji." Nimeandika kama alivyosema.

Afya yake ni nzuri kuliko ya mwaka juzi. Ananenepa. Kila mtu kijijini ananipongeza, mganga wa kambini naye alinishika mkono. Nami naitikia asante.

Sasa nikueleze ya jana, kwa sababu sijui nimpelekee nani.

Asubuhi Mama aliinuka kutoka kwenye kigoda, akaingia jikoni, akatoa kile chungu cha maharage. Unakijua, cheusi chote nje, kimepika tangu tukiwa wadogo. Akakibeba mkononi akaanza kutelemka kisimani. Nilidhani anakwenda kukisugua kwa mchanga. Nikamfuata kwa nyuma. Esperansia alikuwa huko na dumu lake la njano, siku hizi hata yeye anakuja na dumu, na watoto wengi wa kambini, wale wale aliowafundisha sheria mwaka jana. Walipomwona na chungu kile wakaacha kuchota. Mmoja akawarudisha wadogo nyuma kwa mikono, miguu yao isiwe karibu na maji.

Chini ya ukuta wa saruji kuna bwawa dogo la maji yanayofurika. Mama akasimama pale. Jua lilikuwa karibu la utosi. Esperansia akaita, "Mama, masizi." Taratibu tu, kama mtu anayemkumbusha mwenzake kiatu hakijafungwa.

Mama akainama, magoti yale yale, akakitumbukiza chungu chote mpaka shingoni.

Masizi yakatawanyika juu ya maji. Yalielea, yakazunguka, yakaanza kwenda polepole kuelekea kwenye kisiki cha mkuyu. Dada, Mama hakuchota. Alibaki ameinama hivyo hivyo, mkono majini, anatazama. Watoto walikuwa wanatazama. Nami nilijikuta nimeshika mkono wa Esperansia, mimi niliyesema miaka yote kwamba hakuna kitu mle. Alikuwa anangoja, ndiyo nimeelewa. Alikuwa ametenda kosa kubwa kuliko yote analolijua, mchana kweupe, mbele ya mashahidi, na alikuwa anangoja avutwe mguu. Na mimi, Mungu anisamehe, niliomba avutwe, kidogo tu, hata kisigino.

Masizi yalifika kwenye kisiki yakatulia hapo. Mashine ilikuwa inanguruma. Mtoto mmoja akacheka, kisha wote wakacheka, wakaanza kutumbukia na miguu yao.

Mama akainuka na chungu chake kimejaa. Nikampokea, kilikuwa kizito. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Twende," akasema, "maharage bado hayajabandikwa."

Ni mimi mdogo wako,
Alfonce